Maneno ya hali ya hewa ya Kixhosa: uanze na kadi, redio, au mdomo wa watu?

Mwaka wangu wa kwanza Gqeberha, Afrika Kusini, ule mji ambao mpaka 2021 ulikuwa unaitwa Port Elizabeth, nilipanga chumba cha uani kwa mama mmoja Mxhosa kule mtaa wa New Brighton. Jumamosi moja nimefua, nimeanika, nimerudi ndani kujinyoosha kidogo, nasikia mama anaita dirishani, "Nyana wam! Ngenisa iimpahla, izawuna!" Nikaitika "Enkosi, mama", asante mama, nikageukia ukutani. Nusu saa baadae shuka, jinzi, sare ya kazini, vyote vimelowa chapachapa, na mama kasimama kibarazani ananiangalia, hanielewi, maana ameniita na nimeitika.

Kilichoniuma ni kwamba neno la mvua nilikuwa nalijua. Wiki mbili nzima nilikuwa nakariri kwenye simu, mvua ni imvula, jua ni ilanga, upepo ni umoya, baridi ni ingqele, na nikijipima napata zote. Ila kwenye sentensi ya mama imvula haimo. Kuna izawuna tu, ambayo vitabuni inaandikwa iza kuna, yaani itanyesha, na mvua yote imebebwa na ile i- ya mwanzoni, kama sisi tunavyosema "itanyesha" bila kuitaja mvua. Na ngenisa iimpahla ni ingiza nguo.

Tangu hapo kila ndugu anayekuja huku akiniuliza aanze na nini, sikimbilii kumtumia orodha. Namuuliza kwanza anaenda kukaa wapi, na nani, na ana muda gani kwa siku. Njia ziko tatu ambazo nimezitumia mwenyewe: kadi za kukariri kwenye simu, taarifa ya hali ya hewa ya redio, na kuongea na watu. Kuna na swali la nne ambalo watu wanalisahau, la kama utumie vitabu vya Kizulu kwa sababu vinapatikana zaidi. Naziweka hapa sambamba, ila nasema mapema kwamba kwa msemaji wa Kiswahili hazina uzito sawa.

Nianze na kadi maana ndo kila mtu anaanzia huko. Uzuri wake ni kwamba ni bure, unafanya kwenye foleni ya teksi, na nomino zinaingia haraka sana, hasa kwetu. Kixhosa ni lugha ya Kibantu kama Kiswahili, kwa hiyo sehemu ya kazi ilishafanywa kabla hujazaliwa. Imvula ni mvua, hiyo hata hukariri. Inkungu ni ukungu. Amanzi ni maji. Phezulu ni juu, na izulu, yaani mbingu au anga, imetoka kwenye shina hilohilo la juu. Ubusuku ni usiku. Mtu wa Ulaya anayaanza haya kutoka sifuri, wewe unaanza ukiwa umeshafika nusu ya njia.

Hapohapo kwenye ufanano ndo kuna mashimo, na kadi haikuonyeshi hata moja. Ukisoma umoya unawaza moyo, kumbe ni upepo, pia hewa, pia roho. Ukisikia umnyama unawaza mnyama wa porini, kumbe kwenye habari za mvua ni upinde wa mvua, na kwenye Biblia ya Kixhosa pale Mungu anapoweka upinde mawinguni neno ni hilohilo. Ubusika sio usiku, ni majira ya baridi, Juni mpaka Agosti huku, wakati ubusuku ndo usiku, tofauti ni irabu moja tu: ebusika, wakati wa baridi, ebusuku, wakati wa usiku. Mimi nimeishika kwa kuiwaza masika yetu, kwamba yenye "sika" ni majira.

Na lipo shimo moja ambalo lazima nilitaje ingawa ni neno la aibu. Kiswahili cha zamani cha pwani, na mpaka leo bibi zetu Tanga na Mombasa, wanasema mvua yanya, na kunyesha imetoka humo. Kwa Kixhosa kitenzi cha mvua ni -na, imvula iyana, mvua inanyesha. Ukiweka ny pale ukidhani unafuata Kiswahili chako, umetamka tusi la chooni, tena mbele ya mama wa watu. Kwa hiyo iyana, ya-na, N tupu. Hili niliambiwa na jamaa wa Lubumbashi aliyetangulia huku, na mimi nalipitisha kwa kila mtu kabla hata ya salamu.

Kasoro kubwa ya kadi lakini iko kwenye sauti. Orodha nyingi upande wa mbele wameandika Kiingereza, upande wa nyuma Kixhosa, sauti hakuna au ni roboti, na wewe unasoma kwa Kiswahili. Sasa herufi ni zilezile ila kazi tofauti. Ile th ya umbethe, umande, sio th ya thamani, ni T yenye pumzi. Kh ya ikhephu, theluji, sio kh ya kheri, ni K yenye pumzi. Weka kiganja mbele ya mdomo, usikie hewa inagonga. Watu wa Mombasa na Lamu hapa wana faida, kwa sababu wao paa la nyumba na paa wa porini wanawatofautisha kwa pumzi hiyohiyo, sisi wengine inabidi tujifunze upya. Alafu hl ya namhlanje, leo, na ya ihlobo, kiangazi chao: ulimi unakaa kama unasema L, unapuliza hewa pembeni bila kutoa sauti ya koo. Nilitamka "namshanje" miezi mitatu na hakuna kadi iliyonikataza.

Na vidoko, sauti za kubofya. C unaivuta ulimi ukiwa nyuma ya meno ya mbele, ile sauti ya kusikitika. Q ulimi unabanduka juu ya kaakaa, kama kizibo kinatoka kwenye chupa. X inatoka pembeni ya mdomo, ile ya kumhimiza punda. Kwenye hali ya hewa utakutana nazo mapema tu: isichotho ni mvua ya mawe, iqabaka ni jalidi, ile barafu nyembamba ya asubuhi kwenye majani, isaqhwithi ni dhoruba, ingqele ni baridi yenyewe. Msiogope, sauti hizi sio geni kwetu kabisa, Wasandawe kule Dodoma na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanazitumia kwenye lugha zao, na Wadahalo Kenya pia. Ila hazikaririki kwa macho. Lazima mtu akutazame mdomo akwambie rudia.

Hapo ndo njia ya pili inapoingia, ya watu, na hapa nitakaa sana kwa sababu naamini ndo ya kuanza nayo kama una namna yoyote.

Ukikaa na watu unagundua nomino hazitajwi sana. Asubuhi mama anafungua mlango anasema "Yhu, kuyabanda!" basi, hakuna ingqele hapo, ni ku- na kitenzi cha kupoa. Mchana anasema "kushushu". Jioni upepo wa baharini ukianza, na Gqeberha upepo ndo mwenyeji, wanauita mji wa upepo kabisa, anasema "kunomoya". Na nilipoisikia hiyo kunomoya vizuri nikaruka, kwa sababu ni Kiswahili changu! Ni kuna umoya. Kuna upepo. Wameziunganisha tu, a na u zikikutana zinakuwa o. Ukishaliona hilo unafungua mlango mzima:

kuna upepo: kunomoya
kuna mawingu: kunamafu
kuna ukungu: kunenkungu
kuna joto: kushushu
kuna baridi: kuyabanda
wingu zito limefunika: kusibekele

Angalia ya tatu, na + inkungu, a na i zinakuwa e. Kanuni ni moja, a+u ni o, a+i ni e, a+a inabaki a. Mwingereza anafundishwa hili darasani kwa wiki kadhaa, wewe ukionyeshwa mara moja unaanza kutunga. Hata upatanisho ni wetu. Jua linawaka, li- na li-. Ilanga liyatshisa, li- na li-. Mvua inanyesha, i- na i-. Imvula iyana, i- na i-. Upepo unavuma; umoya uyavuthuza. Ukiona liyana usichanganyikiwe, hapo aliyekusudiwa ni izulu, mbingu ndo inayonya, na izulu inachukua li-. Vilevile izulu liyaduduma, kunanguruma. Mimi sikuwahi kufundishwa hivi vitu kwa jedwali, niliulizia tu "kwa nini jana umesema iyana leo liyana" na mama akanionyesha juu kwa kidole.

Watu pia wanakusahihisha mahali ambapo orodha inakuacha upotee. Kadi iliniambia baridi ni -banda, nikawa nasema ndiyabanda nikimaanisha nasikia baridi. Mama akashika mkono wangu, akasema "ndiyagodola". Kuyabanda ni nje, hali ya mahali. Ndiyagodola ni mimi mwili wangu unasikia baridi. Sisi tuna neno moja la baridi kwa vyote viwili na tunabadilisha kitenzi tu, wao wamegawa. Siku hiyo alinipa blanketi, na hilo neno halijatoka tena kichwani.

Na kuna heshima. Ukiingia dukani au kwenye teksi ukaanza na hali ya hewa bila kusalimia umekosea, sawa na kwetu. Molo kwa mmoja, molweni kwa wengi, alafu cheo: tata kwa mzee, mama, makhulu kwa bibi, bhuti na sisi kwa wa rika lako na kidogo juu. "Molo tata, kunjani phandle?" kukoje nje, yaani hiyo sentensi moja imenipatia mazungumzo mengi kuliko kitu chochote nilichokariri, na mtu akishaona mgeni anauliza hivyo anafunguka, anakueleza mpaka mvua za utotoni kwake.

Udhaifu upo, siufichi. Kwanza watu wakisikia lafudhi yako wengi wanahamia Kiingereza kwa wema tu, na ukikubali umekwisha, inabidi uombe taratibu warudi. Pili, wanaongea wanavyoongea, wanakata: vitabuni kuza kubanda, mtaani kuzawubanda. Tatu, hawakupi mpangilio, unaweza kukaa mwaka hujui neno la theluji kwa sababu Gqeberha haishuki theluji, wakati juu huko Hogsback na Barkly East inaanguka, ikhephu, na watu wanapanda magari kwenda kuiona. Nne, inategemea umekaa wapi. Ukiwa Langa, Gugulethu au Khayelitsha pale Cape Town, au New Brighton, au Mthatha, watu unao. Ukiwa umepanga fleti mjini na kazi yako ni ya Kiingereza kutwa, watu wa kukusemesha Kixhosa itabidi uwatafute.

Sasa redio. Umhlobo Wenene FM ni redio ya Kixhosa ya SABC, shirika la utangazaji la Afrika Kusini, jina lake maana yake rafiki wa kweli, na studio zake ziko hapahapa Gqeberha ingawa inasikika nchi nzima na kwenye intaneti. Taarifa ya hali ya hewa, uqikelelo lwemozulu, ina kitu ambacho watu hawana: mpangilio uleule kila siku. Mkoa, hali, kiwango cha joto, basi, mkoa unaofuata. Nilikuwa narekodi kwa simu asubuhi nasikiliza tena na tena nikiwa jikoni. Wiki ya kwanza nilikuwa nashika majina ya mahali tu, iMpuma-Koloni na iNtshona-Koloni, Rasi Mashariki na Rasi Magharibi, na kumbe ndani yake kuna jua: impuma ni linakotokea, intshona ni linakozama, ilanga liyaphuma, ilanga liyatshona. Wiki ya pili nikaanza kushika amafu, iindudumo, yaani ngurumo, na imvula. Ya tatu nikashika amaqondo obushushu, viwango vya joto, na hapo nikawa najua tarakimu zinakuja, na watu wengi mtaani tarakimu wanazitaja kwa Kiingereza, kwa hiyo usijitese na hesabu mwanzoni.

Redio inakupa na maneno mazito ambayo kibarazani hayatoki kila siku. Isilumkiso ni onyo, tahadhari. Imbalela ni ukame, na imetoka kwenye kitenzi kilekile unachosikia siku ya jua kali, libalele, jua limewaka limekausha. Hilo neno watu wa hapa wanalijua kwa machungu, Cape Town 2018 walikaribia kufunga mabomba ya mji mzima, na Gqeberha nayo 2022 mabwawa yalishuka vibaya. Izikhukula ni mafuriko. Juni 2025 Mthatha ilipigwa na mafuriko usiku, watu zaidi ya 100 wakafa, wakati huohuo milimani theluji inaanguka, na redio kutwa nzima ni izikhukula, izikhukula. Kwa hiyo nikiwaambia ndugu wajue isilumkiso na izikhukula sio mapambo ya msamiati. Idara ya hali ya hewa ya huku inatoa maonyo kwa rangi, njano, chungwa, nyekundu, ila jirani atakayekugongea mlango atakugongea kwa Kixhosa.

Ubaya wa redio ni kasi, na kwamba haikujibu. Ukikosa neno limepita. Tena lugha yake ni nadhifu, imozulu, uqikelelo, wakati mtaani mtu anauliza tu kunjani phandle. Nimewahi kumsalimia dereva wa teksi kwa lugha ya taarifa ya habari, akaelewa, ila safari nzima akawa ananijibu kwa Kiingereza, kama mtu anayejibu ofisini. Mtu anayeanza na redio bila kujua hata sentensi kumi atakata tamaa, nimeona, wanazima siku ya tatu. Anayeijia redio baada ya mwezi wa kibarazani anapanda kwa kasi sana.

Lile swali la Kizulu sasa. Ukweli ni kwamba vitabu, video na kozi za Kizulu ni rahisi kupata, na lugha hizi mbili ni ndugu wa kundi moja la Nguni, Mzulu na Mxhosa wanaelewana. Watu wananiuliza si nijifunze tu Kizulu nitaeleweka. Utaeleweka, ndiyo. Imvula ni ileile, umoya uleule, ubusika uleule, amafu yaleyale, kuyabanda pia. Lakini hali ya hewa kwa ujumla wao ni isimo sezulu, huku ni imozulu. Joto wao kuyashisa, huku utasikia kushushu. Theluji wao iqhwa, huku ikhephu. Radi wao umbani, huku umbane, na huku umbane ni radi na ni umeme wa nyumbani pia, kwa hiyo mama akisema akukho mbane hana maana ya mawingu, anakwambia umeme umekatika.

Na kuna moja inayoweza kukugharimu safari. Kusasa kwa Mzulu ni kesho. Kusasa kwa Mxhosa ni asubuhi, kesho ni ngomso. Sasa chukua sentensi kwamba kusasa kutakuwa na mvua, kichwani una Kizulu, unajua una siku nzima, kumbe mwenzako anaongelea saa kumi na mbili alfajiri. Ushauri wangu, kama unaelekea Rasi Mashariki au Cape Town tumia nyenzo za Kizulu kwa sarufi tu, ile ya upatanisho na kuungana kwa irabu, ila maneno ya siku na ya mvua uyachukue kwa Waxhosa wenyewe. Kama hujui utaishia wapi, labda Durban kwa Wazulu, labda East London kwa Waxhosa, anza na yale ya pamoja niliyoyataja kwanza.

Kuna sehemu moja ambapo kadi inazishinda zote, nisizinyime haki, nayo ni miezi. Mtaani utasikia uJanuwari, uJulayi, majina ya kizungu yaliyovaa Kixhosa. Lakini majina ya asili yapo na yote yanasoma nchi na majira: EyeKhala ni Julai, mwezi wa mishubiri kuchanua, EyoKwindla ni Machi, mavuno ya kwanza, EyoMsintsi ni Septemba, mti wa msintsi unapowaka maua mekundu. Haya huwezi kuyaokota kwa bahati, yakariri. Na Juni ni EyeSilimela. Nilipoiona kwenye kadi nikakaa kimya kidogo, kwa sababu isilimela ni Kilimia, zile nyota zilizojikusanya pamoja, na kwetu na kwao shina ni kulima. Wazee wetu pwani wanasema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wazee wa huku nao zikionekana alfajiri mwezi Juni walijua msimu wa kilimo unakuja, na mwanaume miaka yake tangu atoke jandoni anaihesabu kwa izilimela. Nilimwonyesha mzee mmoja jirani nikamwambia tata, kwetu Tanga ni Kilimia, akaitamka mara mbili tatu, Kilimia, Kilimia, akaita wajukuu waje wasikie.

Sasa kuchagua. Kama unakaa na familia ya Waxhosa au mtaani kwao, wiki nne za mwanzo weka simu pembeni, anza na watu, sentensi sita zile za juu, kila asubuhi uitoe moja uone wanajibu nini. Ukiwa na uoga wa kuongea, na wengi tunao, tafuta mtu mmoja tu, muuza mboga, mlinzi, mwenye duka, mtu wa kila siku, usijaribu mtaa mzima. Kama uko mjini peke yako, redio na kadi kwa pamoja, ila kadi ujitengenezee mwenyewe, mbele Kiswahili sio Kiingereza, nyuma sentensi sio neno, na umwombe Mxhosa yeyote akurekodie sauti kwa WhatsApp, ni dakika tano na hawakatai. Kama bado uko Dar au Nairobi unajiandaa na safari, redio ya intaneti kila siku hata kama huelewi, sikio lizoee vidoko, na nomino uzikariri zote maana huko ndo una muda.

Na uangalie unafika lini na wapi. Cape Town mvua ni ya baridi, Juni mpaka Agosti, na kiangazi ni kikavu chenye upepo, kwa hiyo huko utahitaji kunomoya Desemba na imvula Julai. Bara ya Rasi Mashariki, Mthatha na juu huko, ni kinyume, mvua ni za kiangazi na zinakuja na ngurumo mchana, iindudumo nemibane, wakati Julai ni iqabaka na jua kavu. Gqeberha iko katikati, mvua inaweza kuja mwezi wowote. Ukikariri orodha moja bila kujua hilo utajikuta unajua maneno ya majira ambayo hayajafika.

Kadi zangu kumi kama ningeanza upya leo, kwa mpangilio huu huu: kunjani phandle? Kuyabanda. Kushushu. Kunomoya. Kunamafu. Kunenkungu. Imvula iyana. Ndiyagodola. Ngomso kuza kubanda. Na ya kumi, nikiwa nimeirekodi kwa sauti ya mama mwenyewe kama anavyoitamka dirishani: ngenisa iimpahla, izawuna.